Niliomba matunda Kampala, nikaletewa pasheni

Mwaka juzi mwezi wa nane nilipanda basi Bukoba kwenda Kampala kwenye harusi ya rafiki yangu niliyesoma naye chuo, na cha ajabu nikiikumbuka safari ile siioni harusi, naona glasi ya juisi. Tulifika usiku tumechoka maana pale mpakani Mutukula tulikaa sana, kuna mama alikuwa na magunia ya dagaa na karatasi hana, stori ndefu hiyo. Asubuhi yake nikasema ngoja niende sokoni Nakasero, mi mtoto wa Muheza nimelelewa kwenye machungwa, siku isiyoanza na tunda naiona kama haijaanza.

Nikakaa kwa dada mmoja mwenye kibanda cha juisi. Kiswahili chake cha kuokoteza, Kiganda changu sifuri. Nikamwambia naomba juisi ya matunda, nikimaanisha ile mchanganyiko, papai humo, embe humo, nanasi humo. "Butunda? Sawa nyabo." Nyabo kwao ni kama kusema mama au bibie. Akageuka, akachukua pasheni kama saba hivi, akazikata katikati, akakamua, akachuja, sukari, barafu, huyo kaleta. Pasheni tupu!

Nikamwambia dada samahani, mi nilisema matunda. Akaiangalia glasi, akaniangalia mimi, akasema kwa upole kabisa kama anaongea na mgonjwa, "Hii ndo butunda nyabo." Basi nikainywa, na ilikuwa tamu aisee, ila kichwa kikaanza kuwasha. Jioni nikamuuliza mwenyeji wangu, ndo akanieleza kwamba kwa Kiganda pasheni moja ni akatunda, zikiwa nyingi obutunda, yaani katunda na butunda, kitu kama vitunda vidogovidogo. Na matunda kwa ujumla wake je? Hayo ni ebibala, neno lao wenyewe.

Sasa hapo ndo pakanoga. Neno letu tunda limevuka mpaka, limefika kule limekuta kiti chake kina mtu tayari, ebibala kakaa zamani, haondoki. Mgeni akatafutiwa pengine pa kukaa, na pasheni nayo ni tunda la Amerika ya Kusini, limefika huku kwetu enzi za ukoloni halina jina la ukoo, wakaoana. Na si Uganda peke yake. Kinyarwanda tunda ni imbuto, neno lilelile la mbegu, na amatunda kwao ni pasheni. Kazini kwetu kuna mkaka Mkikuyu wa Murang'a, Kenya, nilivyorudi nikamsimulia, akashangaa ninachoshangaa, kwao pia nyumbani ukisema matunda bila kuongeza kitu mtu anakuletea pasheni. Yaani jirani zetu wote hao wanaita pasheni tunda, halafu sisi tunaojiita wenye neno tunasema pasheni, na wengine karakara.

Siku hiyohiyo ya juisi nilipigwa tena pigo la pili. Nanunua maembe, yule mama ananiambia miyembe elfu kadhaa. Miyembe? Mi nikajua anauza miche! Nikawa nachungulia nyuma ya meza nione hiyo miti iko wapi. Kumbe kwa Kiganda omuyembe ndo mti na omuyembe ndo tunda lenyewe, na chungwa hivohivo, omucungwa. Wamechukua jina la mti wetu, mwembe na mchungwa, wakalishusha mpaka kwenye kitu unachokula. Rwanda nao embe ni umwembe. Wajaluo wao wamefanya kingine kabisa, wamechukua wingi wetu wakaufanya umoja, embe moja kwao ni maembe achiel, na achiel ndo moja, piga hesabu hapo.

Nilivyosimulia haya Dar kuna jamaa mmoja akadakia, akasema unaona, Waganda ndo wanavyokiharibu Kiswahili. Nikakasirika kidogo, nisiseme uongo. Kwanza hawaongei Kiswahili pale, wanaongea Kiganda, neno wameshalichukua ni lao. Pili embe lenyewe limefikaje kule? Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika kwa Kabaka, mfalme wa Waganda, miaka ya 1840, na njia zile za msafara mpaka leo unaziona kwa miembe, nenda Tabora, nenda Ujiji, pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone alipokutwa na Stanley 1871 miembe ndo ya kwanza kuonyeshwa. Sasa fikiria mtu anakuletea kokwa la embe, unalifukia. Unakaa miaka mitano, sita, saba, hakuna embe hapo, kuna mti tu umesimama na majani. Jirani anapita anauliza huo nini, unamwambia huu mwembe. Miaka yote hiyo jina linalotembea mtaani ni la mti, embe lenyewe linakuja kudondoka watu wameshazoea kusema mwembe. Chungwa la kupanda kwa mbegu ndo balaa zaidi, linaweza kuchukua hata miaka kumi.

Hiyo ni nadharia yangu ya kijiweni, nimeitunga nikiwa kwenye basi la kurudi pale karibu na Masaka, msininukuu. Ila angalieni hili: pera na papai, ambavyo ukipanda leo baada ya muda mfupi tu unakula, vimeingia Kiganda na jina la tunda, si la mti, eppeera, eppaapaali. Si unaona! Nilifurahi mwenyewe dirishani. Halafu nikakumbuka fenesi, mti wake nao unachukua miaka, na Waganda wanaita ffene, jina la tunda limekatwa mkia tu. Fenesi likaniharibia nadharia yote. Basi.

Lakini huyo jamaa wa Kiswahili kinaharibiwa nilikuwa sijamalizana naye. Maana ukishaanza kuchimba haya majina unakuta sisi wenyewe ni waokotaji namba moja, na tumeokota vibaya mara nyingi tu kuliko hao tunaowacheka.

Embe lenyewe, hili tunaloliona la babu na bibi, ukoo wake uko India. Kule pwani ya Bombay Wamarathi wanasema amba, Wasomali wanaandika cambe na hiyo c ni ile ain ya Kiarabu, watu wa Ghuba wanasema hamba. Ni mlolongo mmoja wa majahazi huo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita Mogadishu mwaka 1331 walimwandalia wali wa samli na pembeni achari ya vitu mbalimbali, pamoja na embe, na yeye anaandika jina ni anba, anawaelezea watu wake kwamba linafanana na tofaa ila lina kokwa, likiiva tamu sana, likiwa bichi kali kama ndimu na wanalitia kwenye siki. Shangazi yangu anatengeneza hiyohiyo achari mpaka kesho, anakata embe bichi vipande na kokwa lake changa humohumo, anaanika juani kwenye ungo, halafu pilipili na siki. Karibu miaka mia saba na mapishi hayajasogea.

Wareno wamekuja baadaye sana, Vasco da Gama anapita Mombasa na Malindi 1498 na kutoka hapo anavuka mpaka Calicut, kusini mwa India, kwa watu wa Kimalayalamu, na wao hawana amba, wao ni manga. Mreno akabeba manga. Kutoka kwake ikasambaa dunia, Mwingereza mango, Mfaransa mangue, Wahausa mangwaro, Lingala mangolo. Ukivuka Ruvuma ukaongea Kireno na watu wa Msumbiji, ni manga. Sisi hatukuihitaji, embe lilishafika zamani. Na tungeichukua ingetuvuruga maana Manga kwetu lilikuwa neno lenye kazi yake, ni Uarabuni kule, ndo maana pilipili manga, kungumanga, komamanga. Ungeenda sokoni ukaomba manga ungeletewa nini sijui, pengine Mwarabu.

Fenesi nalo ni stori ileile, Wamarathi wanasema phanas, sisi fenesi. Kule kusini kwa Wamalayalamu ni chakka, Mreno kasema jaca, Mwingereza akaligeuza jack. Kwa hiyo ukitaka kujua pwani yetu ilikuwa inafanya biashara na upande gani wa India huna haja ya kufungua kitabu, fungua kinywa, taja matunda.

Sasa stafeli. Hapa ndo tumeokota vibaya. Wahindi wana sitafal, phal ni tunda, na Sita ndo yule bibi wa Rama kwenye hadithi za Kihindu, tunda la Sita. Ila sitafal yao ni topetope letu! Lile dogo la magambamagamba, linalopasuka likiiva. Sisi tukalichukua jina tukalivisha kaka yake, lile kubwa la kijani lenye miibamiiba, na yote mawili yametoka Amerika, hata huyo Bibi Sita mwenyewe alipewa tunda la kuja. Nikiwa mdogo Tanga mjini kulikuwa na mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mama yangu alikuwa anampelekea matunda ya shamba, na kila mara ugomvi ni huohuo. Mama anasema leo nimekuletea stafeli, yule mama anafungua kikapu, "Hii si sitafal." Mama anasema ndo stafeli. "Hii hapana sitafal!" Wanacheka, wanapimana macho, mwishowe ananunua, na wiki ijayo wanaanza upya. Mi nilijua yule mama Kiswahili kinampiga chenga. Alikuwa na haki yake muda wote yule mama wa watu.

Na halikuishia hapo. Stafeli lilipopanda kwenda Uganda likawa kitaferi. Ile s ya mbele imedondoka njiani, wakaibandika ki yao, na Bibi Sita mke wa mfalme sasa hivi kilichobaki cha jina lake ni ta tu. Nilikula kitaferi Kampala siku ya tatu, kipande kwenye kijifuko cha nailoni, nikawa nawaza hilo jambo badala ya kusikiliza hotuba za harusi.

Pera ndo usiseme. Kwa Kireno pera ni lile tunda la Ulaya la umbo la chupa, wengine wanaita peasi. Pera letu sisi kwa Kireno ni goiaba. Mtu mmoja zamani huko aliona tunda geni kutoka Amerika, kaliona umbo, akasema kama pera hivi, ikabaki. Na si sisi peke yetu tuliokubali, Wamarathi wanaita peru, Wabengali peyara, ni Mreno huyohuyo kapita. Ila kilichonimaliza ni Kihindi, wao wanasema amrud, ambalo ni neno la Kiajemi, na maana yake kwa Kiajemi ni... lile tunda la Ulaya la umbo la chupa. Watu wawili tofauti, lugha mbili tofauti, kosa lilelile moja! Sasa jamaa yangu wa Dar akae na hilo.

Kutoka pwani pera likapanda bara. Rwanda ipera. Wakikuyu hawana p ya peke yake kwenye lugha yao, kwa hiyo mapera yakawa mabera na mapapai yakawa mababai, na s pia hawana, nanasi likaja na th. Yule mkaka wa Murang'a nikimwambia aseme nanasi haraka haraka kwa Kikuyu anakataa, anasema nishamfanya sinema.

Kampala pia nilipita barabara ya mjini kati nikaona ghorofa refu limeandikwa Mapeera House. Nikapiga picha kabisa, nikawatumia watu nyumbani, jamani huku wana ghorofa la mapera. Mwenyeji wangu akaniua kwa kicheko. Mapeera huyo ni padri Mfaransa, Siméon Lourdel wa shirika la wamisionari la White Fathers, alifika Uganda mwezi wa pili 1879, alitua pale Kigungu karibu na Entebbe, na watu wakasikia anaitwa mon père, baba yangu, wakalitamka kwa mdomo wao likawa Mapeera. Mapera ya Mreno na padri wa Mfaransa yamekutana kwenye mdomo wa Mganda yakawa neno moja. Picha niliifuta ila walishaicheka.

Kuna lingine dogo nalipenda, ndimu na limau. Ni neno moja hilo, limekuja mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja kama limu kutoka kwa Waajemi na Waarabu, sisi tukalipitisha jikoni kwetu kabisa, tukalitia ile n ya kwetu mbele na l ikageuka d, kama vile ulimi unavyokuwa ndimi, likatoka ndimu, huwezi kulitambua tena kama ni la kigeni. Halafu Mreno akaja na limão yake tukaipokea kama mpya, tukampa ile kubwa ya njano. Mtu anaenda sokoni anasema nipe ndimu mbili na limau moja, hajui ameomba neno moja mara tatu. Rwanda wamechukua lile la kwanza lililokwishapikwa, wanasema indimu.

Na parachichi, hili halikuvuka sana. Kenya wanasema avokado, Rwanda na Burundi na Kongo wanasema avoka kwa sababu ya Kifaransa, na Kifaransa neno hilohilo ndo wakili. Jirani yangu mmoja mtu wa Bukavu aliwahi kuniambia dada yake kaolewa na avoka, na mi wakati ule sikujua, nikamwambia hongereni. Nashukuru sikuuliza swali.

Sasa mnaweza kudhani baada ya utafiti wote huo nimekuwa mjanja. Desemba iliyopita binamu yangu wa upande wa mama, amezaliwa na kukulia Muscat, Oman, Kiswahili chake ni cha Unguja cha wazee wake, akaniandikia meseji: kuna mtu anakuja huku, nipelekee kilo mbili za zabibu za Dodoma, nimesikia nzuri sana. Nikaona heshima hiyo. Nikamwagiza mtu Dodoma, zikaja kwenye boksi, nyeusi, zimejaa maji, nikazichambua moja moja kuondoa zilizopasuka, nikazipanga kwenye kontena la plastiki na karatasi katikati, nikampa msafiri.

Begi la huyo msafiri likapotea njiani siku tatu, ndege ilifika yeye akafika begi halikufika, na simu zilizopigwa hapo tuziache. Siku ya nne binamu ananipigia video, kontena kalifungua mkononi. "We dada, hizi si zabibu hizi, hizi inabu! Mie nilitaka zabibu, za kutia kwenye pilau!"

Ndo ikaniingia. Zabib kwa Kiarabu ni ile kavu. Mbichi ni inab. Sisi tulikuwa tunaokota tukachukua jina la kavu tukalipa bichi, halafu kavu yenyewe tukakosa jina la kuipa, ikabidi tuiite zabibu kavu. Nikaanza kujitetea pale, namwambia kwetu ndo zabibu hizo, nasikia sauti yangu mwenyewe kama yule dada wa Nakasero, hii ndo butunda nyabo.

Binamu akasogeza simu karibu na kontena ili nione vizuri. Siku tatu za joto la uwanja wa ndege, zile za juu zote zilikuwa zimesinyaa, ngozi imekunjamana, rangi imekolea. Akaichukua moja, akaila, akanyamaza kidogo.

"Haya," akasema, "hizi za juu zimeshakuwa zabibu. Hizi za chini nizingoje."